Kubisha Hodi Hakutoshi: Hotuba juu ya Kupima Uzima wa Seva za Saraka

(Hotuba iliyosomwa na Katibu katika Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu cha Ushirika)



Tumepewa heshima ya kusema maneno machache katika sherehe hii, na Halmashauri imetutaka tueleze jambo ambalo wanachama wengi wameliuliza: mitambo iliyo katika afisi kuu humtambuaje mkulima aliye kituoni, nasi twajuaje kama mitambo hiyo ni mizima? Twafahamu kwamba jambo lenyewe ni la mafundi, na pengine halina utamu wa habari za bei au za mbolea. Hata hivyo lamgusa kila mwanachama siku anapofika kwenye mizani na magunia yake ya kahawa. Kwa hiyo yafaa lijulikane na wenye chama, wala lisiachiwe mafundi peke yao.

Twaanza na saraka yenyewe. Zamani majina ya wanachama yaliandikwa katika madaftari makubwa, na kila chama cha msingi kilikuwa na lake. Siku hizi daftari hilo limo ndani ya kompyuta, nalo huitwa saraka. Humo kila mwanachama ana ingizo lake, lenye namba yake, jina lake na jina la chama chake cha msingi. Makarani na maofisa nao wana maingizo yao, pamoja na nenosiri la kila mmoja na kazi aliyoruhusiwa kuifanya. Karani afunguapo programu ya mizani asubuhi, programu huiuliza saraka kama kweli yeye ndiye. Mkulima atajapo namba yake, programu huuliza tena kama mtu huyo yumo. Hapana gunia linalopimwa kabla maswali hayo mawili hayajajibiwa.

Lugha ambayo programu huitumia kuiuliza saraka huitwa LDAP. Kanuni zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1993, na Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alikuwa mmoja wa walioziandika. Kabla ya hapo kulikuwa na kanuni ziitwazo X.500, zilizotolewa mwaka 1988, ambazo zilikuwa nzito mno kwa kompyuta ndogo za siku zile. LDAP ikawa njia nyepesi ya kulifikia daftari la namna hiyo. Toleo lake la tatu, ambalo ndilo litumikalo hata leo, lilitoka mwaka 1997. Kila kazi katika seva ina mlango wake wenye namba, na mlango wa LDAP ni 389. Kwa mazungumzo yanayofichwa kwa siri tangu neno la kwanza, hutumika mlango wa 636.

Seva moja ya saraka ikiharibika wakati wa msimu, vituo vyote husimama. Kwa sababu hiyo chama kimeweka seva tatu. Moja ndiyo mama: mabadiliko yote huandikwa humo, kisha hunakiliwa katika zile mbili nyingine. Mbele yazo umewekwa mtambo wa kusawazisha mzigo, ambao makarani wetu wameuzoea kwa jina la mgawa kazi, nasi tutalitumia jina hilo. Programu za vituoni hazijui kwamba seva ni tatu. Zajua anwani moja tu, ya mgawa kazi. Naye hupokea swali la kwanza na kulipeleka kwenye seva ya kwanza, la pili kwenye seva ya pili, na kuendelea hivyo kwa zamu.

Uzuri wa mpango huu ni dhahiri. Lakini mgawa kazi amefanana na karani wa zahanati ambaye hukaa barazani akiwapeleka wagonjwa katika vyumba vya waganga watatu. Ikiwa hana njia ya kujua ni mganga yupi aliye kazini, atawapeleka wagonjwa katika chumba kisicho na mtu, na kila mgonjwa wa tatu atarudi bila dawa. Njia hiyo ya kujua ndiyo tunayoiita kupima uzima wa seva.

Ndugu wanachama, wengi wenu mwakumbuka yaliyotokea msimu uliopita katika kituo kimoja. Wanachama walioandikishwa karibuni walifika kupima kahawa. Mmoja akaambiwa na programu kwamba hajulikani. Aliyemfuata, ambaye waliandikishwa siku moja, akapokewa. Yule wa kwanza aliporudi alasiri, naye akapokewa bila neno. Watu walioyaona hayo walisema waliyoyasema: kwamba karani ana watu wake. Karani yule ni kijana mwaminifu, na alitukanwa mbele ya kadamnasi kwa kosa lisilo lake. Mama mmoja, aliyeandikishwa kushika nafasi ya marehemu mumewe, aliondoka na magunia yake akamwuzia mlanguzi aliyekuwa akingoja barabarani. Hasara ile hatuwezi kuirudisha kwa hotuba.

Uchunguzi ulipofanywa, chanzo kilionekana. Diski ya seva ya pili ilikuwa imejaa. Haikuweza tena kuandika kitu, kwa hiyo ilikoma kupokea nakala kutoka kwa seva mama, ikawa yajibu kwa daftari la siku nyingi zilizopita. Majina ya zamani ilikuwa nayo yote. Majina mapya haikuwa nayo hata moja. Kila swali la programu hufungua mazungumzo mapya, na hivyo mkulima yule yule aliweza kuangukia seva ya pili asubuhi na seva ya tatu alasiri. Na mgawa kazi je? Kampuni iliyotufungia mitambo ilimwagiza apime jambo moja tu, yaani abishe katika mlango wa 389 aone kama unafunguka. Ulikuwa ukifunguka kila mara. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Sasa twaomba tueleze ngazi za upimaji, ili kila mwanachama aweze kuwauliza mafundi swali lililo sawa.

Ngazi ya chini kabisa ni kuiita kompyuta kwa njia ya mtandao na kungoja iitike. Kuitika huko huonyesha kwamba mashine ina umeme na waya wake haukukatika. Juu ya saraka hakusemi lolote.

Ngazi ya pili ndiyo hiyo ya kubisha mlango. Ni afadhali kuliko ya kwanza, lakini ina udanganyifu ambao si wengi waujuao. Anayeupokea mgeni mlangoni ni mfumo endeshi wa kompyuta, kabla ya programu ya saraka yenyewe kumwona. Programu yaweza kuwa imekwama, haimjibu mtu yeyote, na mlango ukaendelea kufunguliwa kwa muda kwa wageni wanaokuja kupanga foleni ndani.

Ngazi ya tatu ni kusalimu kwa lugha ya LDAP. Programu ya kugawa kazi iitwayo HAProxy, iliyoanzishwa na Mfaransa Willy Tarreau, ina kipimo cha namna hiyo: hujitambulisha kwa saraka bila kutaja jina, kisha hutazama kama itajibiwa kwamba imekubaliwa. Hapo twapata yakini kwamba programu ya saraka iko macho na yasema lugha yake. Lakini salamu huweza kurudishwa bila daftari kufunguliwa. Tena ziko saraka ambazo, kwa ajili ya usalama, zimekatazwa kumkubali asiyejitaja jina.

Ngazi ya nne ni kuitaka seva ifanye kazi ile ile ambayo mwanachama anaijia. Mkaguzi wa vipimo akija kituoni, hatosheki kuona kwamba mzani umesimama wima. Huweka juu yake jiwe ambalo uzito wake anaujua, kisha husoma. Nasi twafanya vivyo hivyo. Katika saraka tumeweka ingizo moja la kupimia, lisilo la mtu yeyote. Kipimo hujitambulisha kwa jina na nenosiri, hulitafuta ingizo hilo, na kulinganisha kilichosomwa na kile kinachotakiwa kusomwa.

Hapa pana mtego ambao yafaa mafundi wa vyama vingine wauangalie. Katika LDAP kila jibu huja na namba. Namba 0 maana yake ni kwamba kazi imefanikiwa. 32, kwamba mahali palipotajwa hapapo. 49, kwamba nenosiri au jina halikukubaliwa. Lakini ukitafuta mtu katika tawi lililopo, na mtu huyo asionekane, seva hukurudishia namba 0 ile ile, bila ingizo hata moja. Kwake yeye kazi ya kutafuta imefanikiwa: ametafuta, hakupata. Basi kipimo kinachotazama namba peke yake kitaisifu seva yenye daftari tupu. Sharti kihesabu maingizo yaliyorudi na kukisoma kilichomo.

Ngazi ya tano ndiyo ambayo ingalituokoa msimu uliopita, yaani kupima upya wa daftari. Jiwe letu la kupimia ni la zamani, na seva ya pili ingalilionyesha bila taabu. Kwa hiyo tumeongeza ingizo jingine, tulilolipa jina la ingizo la saa. Kila baada ya dakika chache programu ndogo huandika humo, katika seva mama, saa ilivyo wakati huo. Kipimo hulisoma ingizo hilo katika kila seva. Seva ambayo saa yake imebaki nyuma kupita kiasi tulichokiweka, haipokei nakala, hata kama yajibu kwa haraka na kwa adabu.

Kipimo hicho kimekuwa kikifanya kazi tangu mwanzo wa msimu huu. Kimekwisha kuikamata seva ya tatu mara moja, ilipoacha kunakili baada ya waya wa mtandao kulegea. Mgawa kazi aliiondoa katika zamu, fundi akaitengeneza, na vituoni hapana aliyejua kwamba lilikuwako neno.

Bwana Mwenyekiti, mpimaji naye huweza kuwa chanzo cha ugonjwa, kwa hiyo hapana budi kusema machache juu ya tahadhari.

Kwanza ni subira. HAProxy, isipoagizwa vingine, hupima kila baada ya sekunde 2. Seva ikishindwa mara 3 mfululizo huondolewa katika zamu, na ikifaulu mara 2 mfululizo hurudishwa. Maana yake ni kwamba kutoka kuanguka kwa seva mpaka kutengwa kwake hupita kama sekunde 6. Mwenye pupa huweza kuagiza seva itengwe kwa kosa moja. Lakini katika saa za kazi nyingi seva nzima huchelewa kidogo kujibu, na kuitenga ni kuwatwisha wenzake mzigo wake, nao wakachelewa, wakatengwa wao pia. Mwenye uzembe naye huweza kungoja dakika nzima, na wakulima wakarudishwa kwa dakika nzima. Tumeona bora tubaki na makosa matatu.

Pili ni namna ya kugawa. Wako wanaopenda swali jipya lipelekwe kwenye seva yenye mazungumzo machache kuliko wenzake. Ni desturi njema maadamu seva zote ni nzima. Lakini seva mbovu inayowakataa watu kwa haraka huonekana kwamba haina kazi, na mgawa kazi huzidi kuielekezea watu, mpaka ubovu wa seva moja ukawafikia wengi kuliko theluthi yao. Kipimo kikiwa dhaifu, desturi hiyo huwa hatari zaidi kuliko zamu.

Tatu ni jina la mpimaji mwenyewe. Tumempa jina lake la pekee, lenye ruhusa ya kusoma yale maingizo mawili tu. Hawezi kusoma habari za mwanachama yeyote, na nenosiri lake likiibwa, mwizi hapati kitu. Lakini kanuni za saraka huweza kulifuta nenosiri baada ya muda, au kulifunga jina lililokosea mara nyingi. Zikimpata mpimaji, atapewa namba 49 na seva zote tatu kwa pamoja, na mgawa kazi atazitenga zote ilhali ni nzima. Kwa hiyo tumeandika katika kalenda ya afisi siku ya kulibadili nenosiri hilo kabla ya wakati wake, na watu wawili huisaini kazi hiyo.

Kadhalika tumeweka kanuni juu ya ingizo la saa. Seva moja ikibaki nyuma, hutengwa. Zote zikionekana zimebaki nyuma kwa wakati mmoja, yaelekea kwamba aliyekosea ni mwandishi wa saa, wala si seva. Basi hapo hazitengwi, bali kengele hulia afisini ili mtu mwenye akili aje aangalie. Daftari lililochelewa kidogo ni bora kuliko vituo vyote kufungwa.

Nne ni cheti cha usiri. Mazungumzo katika mlango wa 636 hutegemea cheti kinachothibitisha kwamba seva ndiyo yenyewe, na cheti hicho kina siku ya kwisha. Kipimo kisichokikagua cheti kitasema seva ni nzima hata baada ya siku hiyo, na huku programu za vituoni zinakataa kuzungumza nayo. Tena cheti sharti kiitaje ile anwani moja ambayo vituo vyaijua, kwa maana vituo havijui majina ya seva zilizo nyuma. Kwa hiyo kipimo chetu hupita njia ile ile ya siri, hukikagua cheti kwa ukali ule ule, na hutoa onyo siku 30 kabla ya kwisha.

Tano, na hili twaliweka mbele ya Mkutano kwa uzito wa pekee. Mgawa kazi mwema huficha ugonjwa. Seva moja ikifa, mbili huendelea. Ya pili ikifa, moja huendelea, na mkulima kituoni haoni tofauti. Mtu akitazama kwa juu atasema mambo ni shwari, kumbe chama kizima kimesimama juu ya mguu mmoja. Kwa hiyo kila seva inapotengwa, habari hupelekwa kwa fundi na kwa Katibu saa ile ile, na huandikwa katika taarifa ya mwezi inayosomwa na Halmashauri. Vilevile kompyuta moja katika kituo cha mbali huuliza swali la kupimia kupitia anwani ya vituo, kama aulizavyo karani, kwa kuwa mgawa kazi anayepima wengine naye apaswa kupimwa.

Kwa hayo yote twaleta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo matatu, tukiomba yakubaliwe na kuandikwa katika kumbukumbu.

La kwanza: kila mwezi, siku isiyo ya soko, seva moja izimwe kwa makusudi mchana kweupe, wajumbe wawili wa Halmashauri wakishuhudia, ili ionekane kama vituo vinaendelea kupima. Tena siku hiyo kunakili kwa seva nyingine kusimamishwe, ionekane kama mgawa kazi ataitambua. Kipimo ambacho hakijajaribiwa ni tumaini tu.

La pili: mkataba wowote wa kufunga au kutengeneza mitambo ya chama utaje kwa maandishi ni jambo gani litakalopimwa, kwa muda gani, na nani atakayearifiwa. Neno kwamba seva zitaangaliwa lisikubaliwe peke yake.

La tatu: mwanachama yeyote atakayeambiwa na programu kwamba hajulikani asirudishwe nyumbani. Karani aipime kahawa yake, aiandike katika daftari la karatasi mbele ya shahidi, ampe mkulima stakabadhi yenye saa na namba ya mwanachama, na apige simu afisi kuu papo hapo. Stakabadhi hizo zitakuwa kipimo cha mwisho cha uzima wa seva zetu, kwa maana huandikwa na mtu aliyemwona mtu.

Ndugu wanachama, vyama vingi vya ushirika vimekufa kwa wizi, na vingine kwa bei mbaya. Lakini viko vilivyodhoofika kwa dhana tu, mwanachama akidhani kwamba jirani yake hupendelewa. Mtambo unaomkubali huyu na kumkataa yule bila sababu hupanda dhana hiyo upesi kuliko mwizi yeyote, na huipanda juu ya vichwa vya makarani wasio na hatia. Kuupima mtambo sawasawa ni sehemu ya uadilifu wa chama, sawa na kuipima mizani na kuvikagua vitabu vya fedha.

 Twamwomba Mwenyezi Mungu akijalie chama chetu miaka kumi mingine yenye mavuno mema na umoja.